Chama cha Kufa na Kuzikana

Majuzi mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, aliniletea swali nikalijibu kwa haraka, na jibu langu likawa baya. Alikuwa akiandika insha kuhusu michezo ya kompyuta inayochezwa kupitia intaneti. Akataka neno la Kiswahili la kile ambacho wenzake hukiita gildi, yaani umoja wa wachezaji wenye jina lao, nembo yao, viongozi wao na desturi zao. Nikamwambia, pasipo kuinua macho gazetini, "Andika kundi."

"Mjomba," akasema, "kundi tunalo tayari. Hilo ni la watu watano wanaokutana kwa saa moja kisha wakaagana. Gildi siyo hiyo."

Nikamuuliza tofauti hiyo inamkera nini. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mwenzao mmoja, aliyecheza naye kwa miaka miwili, aliacha kuonekana mchezoni. Baada ya wiki kadhaa wakapata habari kuwa amefariki. Nyumbani hakusema kitu. "Ningesema nini? Kwamba nimefiwa na mtu wa kundi la gemu? Nani angenipa pole?"

Tangu siku hiyo neno hili limenikosesha raha. Sisi tunaojinasibu na Kiswahili tumeipa michezo hii maneno ya kubandika, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango bila kumwuliza jina. Na neno baya halikai bure. Humfunga mtoto kinywa, na humzuia mzazi asione kilichomo chumbani mwake mwenyewe. Nasema basi, na nitatoa hoja zangu, kwamba neno tunalolitafuta tumekuwa nalo siku zote. Neno hilo ni chama.

Tuutazame kwanza mchezo wenyewe. Mashuhuri katika aina hii ni World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2004. Ndani yake mna ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth, wenye misitu, miji na bandari, na kila mchezaji huingia humo kwa umbo na jina alilojichagulia. Watu hukusanyika humo kwa namna tatu. Wapo wanaoungana wasiozidi watano ili watimize kazi moja. Wapo wanaoungana kwa makumi, hata kufikia 40 katika miaka ya mwanzo, ili wamkabili adui mkubwa. Hao wote, kazi ikiisha, hutawanyika. Namna ya tatu ndiyo ile ya kudumu. Zamani aliyetaka kuianzisha alinunua hati, akazunguka kutafuta sahihi za wachezaji wengine tisa, ndipo umoja wao ukatambuliwa, ukapata ngazi za vyeo na vazi lenye nembo. Mchezaji akizima kompyuta akaenda kulala, kundi lake limekwisha. Umoja huu haukwishi.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuzitenga hali hizi. Ya kwanza ni kundi. Kundi ni la mbuzi, la ndege, la abiria waliokutana kituoni, nalo halimdai aliyemo chochote. Ya pili ni kikosi, maana kuna amri na kuna vita. Ya tatu ina uanachama, ina kuingia na kutoka, ina haki na wajibu. Hiyo ni chama.

Ushahidi wangu nautoa Norwei. Mats Steen alizaliwa mwaka 1989 akiwa na maradhi ya kurithi ya Duchenne, ambayo hudhoofisha misuli mwaka baada ya mwaka. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na utu uzima wake ulipita zaidi mbele ya kompyuta. Baba yake, Robert Steen, amesimulia hadharani kwamba katika miaka kumi ya mwisho kijana huyo alicheza kwa saa zipatazo 15,000 hadi 20,000. Wazazi waliona kiti, kioo na mlango uliofungwa nusu. Mats alipofariki mwezi Novemba mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, huzuni yao kubwa ilikuwa kwamba mtoto wao ameondoka duniani bila kuonja urafiki wala mapenzi, na bila kumfaa mtu.

Alikuwa ameacha nywila ya blogu yake. Baba akaandika humo tanzia fupi, akaweka anwani yake ya baruapepe. Majibu yakaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, marefu, yenye machozi, ya watu ambao familia haikupata kuwasikia. Wengi hawakumwita Mats. Walimwita Ibelin, jina lake la Azeroth, nao walikuwa wenziwe katika chama kiitwacho Starlight.

Starlight hakikuwa chama kikubwa. Kilikuwa na watu wapatao thelathini, na mgeni hakuingia ila kwa kualikwa, kisha akatazamwa kwa muda kabla ya kupokewa. Kupitia wanachama hao, familia ikaanza kumjua mtoto wao upya. Msichana mmoja wa Uholanzi alieleza kuwa wazazi wake walipomnyang'anya kompyuta, Mats aliwaandikia barua ya kumtetea. Mama mmoja wa Denmaki, aliyeshindwa kufikiana na mwanawe mwenye usonji, alishauriwa na Mats aukutane na moyo wa mtoto huyo ndani ya mchezo, mahali ambapo mtoto mwenyewe hakuogopa, na ushauri huo ukazaa matunda. Wala hakuwa malaika. Aliwaficha wenziwe maradhi yake kwa miaka mingi, akagombana nao, akawaumiza baadhi yao kwa maneno, na ilimpasa ajieleze ndipo wapatane. Hayo nayo ni mambo ya chama. Katika kundi hakuna haja ya kupatana, kwa kuwa kila mtu anaweza kwenda zake.

Siku ya maziko, jijini Oslo, wachache katika wanachama walifika kwa ndege kutoka nchi zao, wakaketi na familia ambayo hawakuwahi kuiona. Kiongozi wao alisimama akasema. Wasioweza kusafiri waliwasha mishumaa walikokuwa: Uholanzi, Ayalandi, Uswidi. Na kila mwaka tangu hapo wanachama hukutana ndani ya Azeroth kumkumbuka, wakikimbia kwa pamoja katika njia ambazo Ibelin alizoea kuzikimbia. Kisa hiki sasa kinajulikana na wengi kupitia filamu ya Benjamin Ree, The Remarkable Life of Ibelin, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2024. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imejengwa juu ya mazungumzo ya kuandika ambayo chama kilikuwa kimeyahifadhi.

Washairi wenzangu, tusilipite hilo la mwisho. Starlight kilikuwa chama cha watu wanaocheza kwa kuigiza wahusika, na uigizaji wao ulikuwa wa maandishi. Aliyetaka kumkumbatia mwenziwe aliandika kwamba anamkumbatia. Aliyetaka kucheka aliandika kicheko. Mkono uliokuwa ukiziandika kumbatio hizo ulikuwa, nje ya mchezo, hauwezi kuinua hata bilauri. Sisi huwaambia vijana kwamba neno ni tendo, wao wakadhani tunasema mafumbo. Huyu hapa mtu ambaye kwake halikuwa fumbo hata kidogo. Alifariji, akakosea, akaomba radhi, akapendwa, yote kwa ncha za vidole. Kwa kuwa maneno yake yalitunzwa, wazazi wake waliweza kuyasoma maisha ambayo macho yao hayakuyaona.

Sasa tuirudie lugha yetu. Tunao msemo wa marafiki wa kufa na kuzikana, na mitaani tunavyo vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo mtu huchangia kidogo kidogo ili siku yake ikifika asikose sanda wala wabebaji. Hebu tukichunguze kitenzi hicho. Mnyambuliko wa kutendana hudai pande mbili: tunapendana, mimi nakupenda nawe wanipenda. Lakini kuzikana kunawezekanaje? Nikikuzika leo, wewe hutanizika kesho. Kwa watu wawili, kitenzi hiki hakikamiliki kamwe, maana mmoja lazima abaki na deni lisilolipika. Hukamilika pale tu wanapokuwa wengi: mimi nikuzike wewe, na wa tatu anizike mimi, na wa nne amzike yeye. Kwa hiyo lugha yenyewe imekwisha kutueleza chama ni nini. Ni watu wa kutosha kuzikana.

Kwa kipimo hicho Starlight hakihitaji utetezi wangu. Watu hao walikutana kwa ajili ya mchezo, kifo kikaja, wakazika. Mpwa wangu naye hakukosea: alikuwa na msiba halisi, akakosa neno la kuupokelea.

Nimesikia pingamizi tatu, na zote zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba chama ni neno zito, la siasa, la ushirika au la kuweka akiba, na si la mchezo. Anayesema hivyo amesahau historia ya pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma ya beni ilienea kutoka miji ya pwani ya Kenya hadi Tanga, Dar es Salaam na bara. Watu wa Marini na Arinoti walivaa sare, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi ambavyo mkoloni asingewapa, wakashindana kwa gwaride na nyimbo. Mombasa wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vilivyotunishiana misuli kwa mavazi na kwa tungo za kuchambana. Yote hayo yalikuwa mchezo, na watu walijivika majina yasiyo yao. Hata hivyo mmoja wao alipofiwa, hao hao wa ngoma ndio waliochanga na kuhudhuria. Hakuna aliyeona ajabu kuviita vyama. Chama cha mchezo ni kitu cha zamani kwetu. Kilichobadilika ni uwanja tu.

Pingamizi ya pili husema tutumie jumuiya. Jumuiya ni neno jema, lakini ni pana mno. Wachezaji wote wa mchezo mmoja duniani ni jumuiya, wawe wanajuana au hawajuani. Tunatafuta neno la watu wanaojuana kwa majina, ambao mmoja asipoonekana kwa siku tatu wataulizana. Wengine wamependekeza udugu. Udugu ni zao la chama kikistawi, nao hauwezi kuwa jina la chombo chenyewe, kwa kuwa vyama vingine huvunjika kabla ya kuuzaa.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba tukiliheshimu jambo hili kwa neno la heshima, tutawapa vijana kisingizio cha kuacha masomo na kukesha. Naielewa hofu hiyo, nami ni mzazi. Lakini kukiita kitu kwa jina lake si kukisifu. Vyama vibovu vipo, na vyama vya kupoteza watoto vipo pia. Mzazi aliyeambiwa "kundi la gemu" hana la kuuliza. Atanyang'anya simu au atapuuza. Mzazi aliyeambiwa "chama" atauliza maswali ambayo mzazi yeyote wa Kiswahili anayajua: Kiongozi wenu nani? Mnachangishana nini? Mmoja wenu akiugua mnafanyaje? Majibu ya maswali hayo yatamwonyesha mara moja kama mtoto ameangukia mikono mibaya au myema. Robert Steen hakupata nafasi ya kuyauliza mtoto wake akiwa hai. Aliyajibiwa na wageni, baada ya tanzia.

Kwa hiyo napendekeza, na nawaachia uwanja malenga na wanaleksikografia wanisahihishe: wanaokutana kwa kazi moja ni kundi, wanaopangwa kwa vita ni kikosi, wenye jina, desturi na deni la kukumbukana ni chama, na kila mmoja wao ni mwanachama. Neno gildi libaki midomoni mwa wanaolipenda, sina ugomvi nalo. Ila tusimwambie kijana kwamba Kiswahili hakina mahali pa kuuweka msiba wake.

Nilimwita mpwa wangu nikamwomba anisimulie habari za marehemu: aliitwaje mchezoni, alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kucheka kwa lipi. Akasimulia hadi usiku. Arobaini ilikuwa imekwisha kupita, na pole yangu ilichelewa, lakini nilimpa. Katika insha yake aliandika "chama", na pembeni hakuweka maelezo yoyote.