Kanuni za Mahakama ya Kadhi: Nani Mwenye Kalamu?

Juzi baada ya Isha, hapa Najma, mama mmoja wa asili ya Mombasa alipanda ngazi hadi kwetu na bahasha mkononi. Anafuatilia mirathi ya marehemu babake huko pwani. Karatasi zake zilirudishwa, akaambiwa hazikufuata utaratibu. "Ami, wewe ulikuwa karani. Huo utaratibu kautunga nani?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Bunge haliwezi kuandika kila hatua: nakala ngapi, siku ngapi za kujibu, wito umfikie vipi mtu aliyeko ng'ambo. Mengi ya hayo huachiwa mahakama. Desturi hii tumeirithi kwa Waingereza, walioifuata sheria ya madai waliyoitunga India mwaka 1908. Tanzania Bara, hadi leo, Jaji Mkuu aweza kwa ridhaa ya Waziri kubadili kanuni zilizomo katika jedwali la sheria ya mwenendo wa madai. Kenya kuna Kamati ya Kanuni, na mahakama za kawaida hufuata kanuni za 2010.

Sasa tazameni makadhi wa Kenya. Sheria yao ni ya 1967. Kifungu cha 8 kilimpa Jaji Mkuu uwezo wa kuwatungia kanuni, kikaongeza kwamba mpaka zitungwe, wafuate utaratibu wa mahakama za chini. "Mpaka" huo ulidumu miaka 53. Kanuni zao zilitoka 2020. Muda wote huo mjane anayedai thumuni yake alipitishwa njia ile ile ya mfanyabiashara anayedai deni la saruji.

Naunga mkono mahakama ishike kalamu, kwani ndiyo inayowajua watu wake. Lakini kalamu ina mipaka. Kanuni ni mtoto wa sheria, haimpiti mama yake. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinataka mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia. Hakuna kanuni iwezayo kukifuta. Na Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 yataka haki isikwamishwe na ufundi wa utaratibu.

Hatari kubwa ni kanuni isiyoandikwa. Nakiri: katika masjala niliyofanya kazi ujanani, sisi makarani tulikuwa na zetu. "Lete nakala ya tatu." "Njoo Jumatatu." Hazikuwa katika kitabu chochote. Shule ya misheni ilinifundisha mwandiko safi na utiifu. Kuuliza nilijifunza baadaye, nikiwa nimeshawarudisha wengi. Mwenye wakili alipita, asiye naye alirudi kwao na karatasi zake. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Basi nimemwambia mama yule, nanyi nawaambia: ukirudishiwa karatasi, uliza kwa adabu ni kanuni namba ngapi, ya mwaka gani. Ikiwepo, ifuate hata ikikuchosha. Isipokuwepo, omba shauri lako lifikishwe mbele ya kadhi mwenyewe. Nauli ya Doha hadi Mombasa si ya kupoteza kwa neno la dirishani.

Amemtuma nduguye akaulize. Bahasha iko juu ya meza yangu, tunangoja hiyo namba.