Simu ya dalali isiishie kwenye picha

Ofisi ya dalali wa nyumba katika miji ya mpakani sasa iko mfukoni mwake. Iwe Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, mfanyabiashara anayetafuta fremu ya duka, stoo ya nafaka au chumba cha kulala halazimiki tena kuzunguka juani siku nzima. Anatumiwa picha kwa WhatsApp, anapatana bei, anatuma pesa ya kushikia, na kabla lori lake halijamaliza ukaguzi wa forodha, mlango umeshapata mpangaji.

Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza. Dalali mwenye simu janja anahudumia wateja kumi kwa siku ambayo zamani angehudumia wawili. Lakini simu imeharakisha upande mmoja wa biashara na kuuacha mwingine nyuma. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, na huduma kama hizo kuenea katika ukanda mzima, pesa hufika kwa sekunde, hata kuvuka mpaka. Kumjua mwenye mali bado huchukua siku. Katikati ya sekunde hizo na siku hizo ndipo mtaji wa mfanyabiashara unapopotelea.

Kwa hiyo dalali anayetaka kudumu katika kazi hii asipimwe kwa uzuri wa picha anazorusha. Apimwe kwa uthibitisho anaoweza kutoa kwa simu hiyo hiyo kabla mteja hajatoa hata senti.

Mahali pa kuanzia ni pale nyumba ilipo. Picha pekee haisemi kitu, kwa sababu picha moja huweza kuzunguka kwenye simu za madalali watano, kila mmoja na bei yake na mtaa wake. Google Maps humwezesha dalali kutuma alama ya mahali penyewe, na simu ya video humwezesha mteja aliye Kampala au Arusha kuona barabara, nguzo ya umeme na nyumba ya jirani. Mteja naye anaweza kuipitisha picha kwenye Google Lens aone kama imewahi kutumika kwa nyumba ya mji mwingine. Dalali anayekataa kutuma alama ya mahali, au ambaye kila akipigiwa simu ya video mtandao wake ni mbovu, ameshajibu swali.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa ugomvi mwingi huzaliwa bila hata mwizi kuwapo. Mkenya huzungumzia ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100, na wengi huiita robo ya nusu eka. Mganda huhesabu kwa desimali, ambayo ni sehemu moja ya mia ya eka. Tanzania na Rwanda, hati huandikwa kwa mita za mraba. Ploti ile ile ya hamsini kwa mia ni kama mita za mraba 465, au desimali kumi na moja na nusu, na haifiki robo kamili ya nusu eka, ambayo ni takriban mita za mraba 506. Programu ya kubadili vipimo haigharimu kitu na haihitaji elimu kubwa. Dalali wa mpakani anayeandika tangazo lake kwa kipimo cha nchi zote mbili humwondolea mteja hasara ya mita arobaini ambazo hazipo.

Tatu ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni programu ya kupiga nakala kwa kamera ya simu na kuzihifadhi mahali ambapo hata simu ikiibiwa hazipotei. Mkataba wa pango, risiti ya kodi, ujumbe wa malipo na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba vyote vinapaswa kuwa kwa pande zote mbili siku hiyo hiyo. Mkataba ukiwa kwa lugha ya nchi ya pili, Google Translate ina Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda na Luganda, na inatosha kumpa mtu picha ya kilichoandikwa. Haitoshi kumfanya atie saini. Kwa hilo bado anahitajika wakili, au angalau mtu anayeijua lugha na asiye na fungu katika dili hilo.

Nne, na kubwa kuliko zote, ni umiliki. Serikali za ukanda zimeanza kuzitoa rekodi za ardhi kwenye makabati. Kenya ilizindua mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021, ikianzia Nairobi. Rwanda, ambayo tayari ilikuwa imesajili vipande vya ardhi nchi nzima na kukipa kila kimoja namba yake ya pekee, ilianza kutoa hati za kielektroniki mwaka 2023. Uganda nayo ina mfumo wake wa taifa wa taarifa za ardhi. Dalali anayeuza kiwanja katika nchi hizi na hajui kuutumia mfumo wa nchi yake anamuuzia mteja mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo, mfumo nao una mipaka. Katika eneo la Buganda, ambalo mfanyabiashara anayevuka Mutukula huingia mara tu anapotoka Tanzania, ardhi ya mailo huweza kuwa na mwenye hati na wakati huo huo ikawa na mwenye kibanja anayeishi juu yake, na haki ya huyo wa pili inalindwa na sheria. Rekodi ikimtaja mwenye hati, mnunuzi asidhani kwamba hakuna mwingine. Ndiyo maana kiongozi wa mtaa, mwenyekiti wa kijiji au chifu, kutegemea nchi, bado ni wa kuulizwa. Hakuna programu inayojua ni nani alilima pale mwaka jana.

Kuna na jambo ambalo madalali wengi hawalisemi kwa kuhofia kumpoteza mteja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikufungua milango ya ardhi kama ilivyofungua ya bidhaa. Ibara ya 15 inaacha suala la kupata na kutumia ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na si kuimiliki moja kwa moja. Uganda nayo humpa mgeni upangaji tu. Tanzania haimgawii asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa na sheria.

Kwa hiyo wapo wanaonunua kiwanja ng'ambo kwa jina la shemeji au rafiki wa biashara. Siku urafiki ukivunjika, au shemeji akifariki na warithi wakafika, karatasi humtambua aliyeandikwa. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha kwamba pesa zilitumwa. Hauonyeshi kwamba ardhi ilinunuliwa. Dalali mwaminifu humwambia mteja hayo mapema, na kumwelekeza kwenye upangaji wa muda mrefu ulioandikwa kwa jina lake mwenyewe. Kamisheni inaweza kupungua, lakini mteja atarudi, na atamleta mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kumbebesha dalali mzigo wa serikali, naye anaishi kwa kodi ya mwezi mmoja anayolipwa mteja akipata chumba. Hoja hiyo ina uzito. Kuthibitisha kunachukua muda, na wakati mwingine ada. Lakini ada ya upekuzi wa hati inaweza kuandikwa wazi kwenye malipo, mteja akailipa akijua anachonunua. Wengi tayari hulipa ada ya kuonyeshwa nyumba bila kupata kitu zaidi ya matembezi.

Serikali nazo zina deni. Mifumo hii ya ardhi ilijengwa kwanza kwa ajili ya raia mwenye kitambulisho cha nchi husika. Mfanyabiashara wa nchi jirani, ambaye huvuka mpaka kihalali kila wiki na kulipa ushuru, anapaswa kuweza kuuliza jambo moja dogo kwa kutumia pasipoti au kitambulisho cha nchi yake: kiwanja hiki kimeandikwa kwa jina la nani, na je, kina deni au kesi? Si lazima auziwe ardhi. Inatosha asidanganywe anapopanga stoo. Jumuiya iliyoweza kukubaliana juu ya pasipoti moja na vituo vya pamoja vya mpakani haiwezi kushindwa na swali hilo.

Mpaka hapo patakapofunguliwa, ulinzi uko kwa dalali na mteja wake. Alama ya mahali, kipimo, nakala ya karatasi na jina la mwenye mali: vinne hivyo vikipatikana kwenye simu, pesa itumwe. Kimoja kikikosekana, isitumwe, hata kama dalali atasema kuna mteja mwingine yuko njiani.