Pingili Mbili Zataka Jumba Gani?

Kila mifupa ya Tendaguru inapotajwa, jibu ni lile lile: eti mzigo ni mkubwa, mifupa ni dhaifu, na Afrika haina jumba la kuihifadhi. Haya. Tumwache kando yule dainosa maarufu aliyesimamishwa Berlin tangu 1937, mwenye kimo cha mita 13. Tuzungumze kuhusu jamaa yake asiyetajwa.

Anaitwa Australodocus bohetii. Alikuwa mla majani mwenye shingo ndefu, aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita huko ambako leo ni Lindi, kusini mwa Tanzania. Wataalamu walimpa jina kwa kutazama pingili mbili za shingo. Mbili tu, jama! Tuktuk za hapa Mishomoroni hubeba abiria, gunia la viazi na godoro juu. Pingili mbili zitaishinda ndege?

Jina bohetii linatokana na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji katika msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, na damu ya Maji Maji haijakauka vizuri. Boheti aliingia katika majina ya sayansi mwaka 2007. Naambiwa hiyo ni heshima. Heshima gani hii, kumpa mtu jina na kubaki na kitu chenyewe?

Usalama nao? Februari 1945 bomu lilibomoa upande wa mashariki wa jumba hilo hilo la Berlin. Mbona hakuna aliyesema Wajerumani hawajui kutunza mali?

Wala msiniulize Mkenya yanihusu nini. Watoto wa Kisauni wanamjua T. rex wa Marekani, na wa Lindi, wa pwani yao hii hii, hawajamsikia. Ukiwaambia, watauliza yuko wapi tukamwone. Utawajibu nini, wakate viza?

Basi tuanze na hizo mbili. Zije Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na Berlin ibaki na nakala za plasta. Watafiti wao wakitaka za kweli, wapande ndege, kama tunavyoambiwa sisi. Wakikataa hata hizo, tutajua kwamba uzito wa mzigo haukuwa sababu hata siku moja.