Goma: Mteja mmoja mezani, na mji uliozoea kuishi kwa wageni

Mteja mmoja mezani, viti vingine vyote vitupu: ndiyo hali ya migahawa midogo mingi ya Goma tangu waasi wa AFC/M23 wauteke mji mwishoni mwa Januari 2025. Inaonekana zaidi katika ile inayopika vyakula mchanganyiko, kule Himbi na katika kata ya Les Volcans, ambako sahani moja inaweza kubeba samaki wa Ziwa Kivu, mchuzi wa Kihindi na mboga zilizokaangwa kwa mtindo wa Asia.

Kwingine, mteja wa peke yake asingeshangaza mtu. Mjini Tokyo, migahawa midogo ya tambi hupanga viti mbele ya mpishi kwa ajili ya mtu aliyekuja mwenyewe: anakula, analipa, anaondoka. Goma ni tofauti. Hapa mtu huenda mgahawani kwa sababu amepata mgeni, ana mkutano au ana sherehe, na bukari huliwa kwa mikono mingi. Anayekula peke yake anawafanya wengine wajiulize: wale wengine wamekwenda wapi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kwa miaka thelathini methali hiyo ilikuwa kama sera ya uchumi ya Goma. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na mashirika ya misaada yakafuata nyuma yao. Kuanzia 1999 ukaja ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na askari kutoka India, Uruguay, Afrika Kusini na kwingineko. Wageni hao walilipwa kwa dola, walipanga nyumba kwa dola na walikula kwa dola. Wapishi wa Goma wakajifunza kuwapikia.

Lakini pesa yao haikuishia mgahawani. Samaki alinunuliwa kwa wamama wa Kituku, viazi na jibini vilitoka Masisi, maharagwe Rutshuru, makala pembeni mwa mji, na mwenye chukudu alipata chake njiani. Mteja mmoja akikosekana, hasara inashuka hadi shambani.

Wala mchanganyiko huo si upuuzi wa Wazungu. Sambaza, wanaohesabiwa leo kuwa chakula cha asili cha Goma, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata tempura, inayosifika kuwa ya Kijapani, ilianza kwa ufundi wa kukaanga ulioletwa na Wareno. Mji wa mpakani hula kinachopita mpakani.

Milango mitatu iliyofungwa

Mlango wa kwanza ni benki. Baada ya mji kutekwa, benki za biashara zilifunga. AFC/M23 walifungua tena CADECO mwezi wa Aprili 2025, lakini hiyo haikurudisha mzunguko wa pesa na Kinshasa. Mwenye akiba amelazimika kuvuka hadi Gisenyi kuitoa, au kupitia pesa za simu na kumwachia wakala kamisheni. Mtu aliyelipa ili ashike pesa yake mwenyewe hafikirii chakula cha mgahawani.

Mlango wa pili ni uwanja wa ndege, uliofungwa tangu mapigano ya Januari. Mgeni wa Goma sasa hupitia Kigali na barabara, na wengi wanaona safari hiyo haifai. Mkutano wa Paris wa tarehe 30 Oktoba 2025 ulitangaza kwamba uwanja ungefunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 walipinga uamuzi uliochukuliwa bila wao.

Mlango wa tatu ulifungwa mbali na Kongo. Tarehe 20 Januari 2025, siku chache kabla ya Goma kuanguka, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani ya nje. USAID ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu zilizofika Kongo mwaka 2024. Miradi ilipokatika, wafanyakazi wa kigeni waliondoka. Wakongomani waliokuwa madereva, walinzi, wahasibu na wauguzi wa miradi hiyo walibaki, lakini bila mshahara.

Kiti cha nani?

Hapo ndipo kosa la hesabu hufanyika. Ni rahisi kusema kwamba migahawa hii ilikuwa ya matajiri na wageni, basi ife. Lakini wengi waliokaa kwenye viti hivyo walikuwa wakaaji wa Goma: mhasibu wa shirika aliyemleta mke wake Jumamosi, mwalimu wa chuo kikuu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Mwenye mgahawa akiamua kupunguza bei ili awapate hao, anakuta nao hawana pesa mkononi. Huku kodi ya nyumba, ushuru wa utawala mpya na mishahara ya wapishi vinamsubiri.

Kwa hiyo, kati ya milango mitatu, wa benki ndio wenye uzito zaidi kwa mkaaji wa kawaida. Uwanja ukifunguliwa kwa ndege za misaada utaleta dawa na madaktari, na hilo ni jambo kubwa, lakini hautajaza meza. Misaada ya Marekani nayo haiko mikononi mwa wanaozungumza Doha wala Washington. Benki ziko mikononi mwao: Kinshasa na AFC/M23 wanaweza kukubaliana ili mshahara uingie, akiba itoke na mkopo mdogo utolewe.

Mji uliojengwa juu ya lava ya 2002 umeshaonyesha kwamba unaweza kuanza upya. Lakini hata wakati ule pesa ilikuwa inazunguka. Siku mhasibu wa Himbi atakapoweza kutoa akiba yake bila kuvuka mpaka, mpishi ataitwa kazini, na mama wa Kituku atajua kabla ya gazeti lolote.