MILIONI 10 YA MDOMONI, HELA YA MKONONI: MNAMCHAMBA MTU KWA HESABU MSIYOIJUA

Haya wadau, wiki nzima nilikaa kimya nikisema ngoja vumbi litulie. Naona halitulii, ndo kwanza linatimka. Basi leo naongea, na najua kuna watakaonuna.

Kuna mtangazaji mmoja mkubwa wa hapa mjini, jina kapuni, mnamjua. Huyu kaka amechambwa siku tano mfululizo kwa sababu ya laki mbili. Kwa waliochelewa: fundi mitambo aliyefanya naye kazi miaka mingi alifariki, kamati ya msiba ikarusha orodha ya rambirambi kwenye magrupu, mtu mwenye kiherehere akapiga skrinishoti. Mbele ya jina la staa imeandikwa 200,000. Moto ukawaka hapo hapo. Eti mtu anaingiza milioni kumi kila mwezi anatoa laki mbili kwa mtu aliyemfikisha hapo alipo? Eti hiyo si hela yake ya supu? Wakaitwa na mashabiki wa timu pinzani, wakaja na memu, wakaja na laana.

Sasa hiyo milioni kumi imetoka wapi? Imetoka mdomoni mwake mwenyewe. Mwaka jana, baada ya eksi wake kusema hana kitu, jamaa alikaa kwenye kochi la watu akatamka mshahara wake ni milioni 10 kwa mwezi. Hakuna aliyemlazimisha. Tangu siku hiyo ile namba imekuwa jina lake la pili.

Mimi nataka tuikalie hiyo namba kidogo. Nimeishia form four na hesabu nilipata D, msije mkasema najifanya mhasibu. Lakini hii hesabu haihitaji chuo. Inahitaji kalamu na uache ushabiki kwa dakika kumi.

Tuseme kweli mkataba wake wa ajira unasema 10,000,000. Ukiuliza mtaani kodi ni kiasi gani utaambiwa asilimia 30. Kuna mjuaji mmoja kaandika kabisa: "kodi 30%, anabaki na milioni 7, aache ubahili." Kaka yangu, umekosea mara mbili kwenye mstari mmoja, na bahati yako makosa yako yamevutana huku na huku ndo maana jibu linakaribia kufanana na ukweli.

Kosa la kwanza, kabla hata TRA hawajagusa, kuna mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mtu wa sekta binafsi ni NSSF, mfanyakazi anakatwa asilimia 10, mwajiri naye anaongeza 10 ya kwake. Kwa hiyo milioni 1 inaondoka asubuhi na mapema. Sio kwamba imeibwa, ni akiba yake, ila hawezi kuitoa Jumatano akaipeleka msibani. Kodi inapigwa kwenye kilichobaki baada ya hapo, yani 9,000,000.

Kosa la pili, hiyo asilimia 30 haipigwi kwenye hela yote. Kodi ya mshahara, PAYE, inapanda kwa ngazi. Huku Bara (Zanzibar wana jedwali lao), 270,000 ya kwanza hukatwi hata shilingi. Kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8, ilikuwa 9 ikashushwa Julai 2021. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kutoka 760,000 mpaka milioni moja ni 25. Ukijumlisha ngazi zote hizo, kodi ya milioni moja ya kwanza ni 128,000. Ikishavuka milioni, kila kinachozidi ndo kinapigwa 30.

Sasa mtangazaji wetu: 9,000,000 toa milioni moja ya kwanza, inabaki milioni 8. Asilimia 30 ya milioni 8 ni 2,400,000. Ongeza ile 128,000. PAYE yake ni 2,528,000 kila mwezi. Kwa hiyo 10,000,000 toa NSSF 1,000,000, toa kodi 2,528,000, benki inaingia 6,472,000.

Hapo hajakatwa bima ya afya, hajakatwa saccos ya kazini. Na kama ni kijana aliyesoma chuo kwa mkopo wa Bodi na bado anadaiwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama hiyo milioni 10 yote ndo mshahara wa msingi, hiyo ni milioni 1 na nusu nyingine. Na hii haipunguzi kodi, inatoka kwenye ile iliyobaki. Anaondoka na 4,972,000. Zuri lake ni kwamba kwa mshahara huo deni la milioni 12 analimaliza miezi minane, wakati mwenzake mwenye mshahara mdogo atazeeka nalo.

Najua mnachotaka kusema. "Admin hata hiyo milioni sita mimi sijawahi kuishika." Wala mimi sijawahi! Simuombei mtu huruma hapa, milioni sita ni hela nyingi, nyumba nyingi za Mbagala zinaishi miezi kwa hiyo hela. Ninachokataa ni kumpigia mtu mahesabu ya matumizi kwa kutumia hela ambayo haijawahi kufika kwenye akaunti yake. Kati ya namba mliyomchambia na namba aliyonayo kuna tofauti ya milioni tatu na nusu. Hiyo ni hela ya msiba mzima, na jeneza, na chakula cha siku tatu.

Halafu ngoja niseme hili kwa sababu limenikera kwenye zile komenti. Dada mmoja kaandika kwamba ndugu yake alikataa nyongeza ya mshahara kazini kwa sababu "ingempandisha kwenye 30 akawa anapokea kidogo kuliko mwanzo." Watu mia wakapiga like! Jamani. Chukua mtu ambaye hela yake inayokatwa kodi ni milioni moja kamili, kodi yake 128,000. Muongeze laki moja. Ile milioni ya kwanza inabaki na kodi yake ile ile, laki mpya tu ndo inapigwa 30, yani elfu thelathini. Kodi inakuwa 158,000 na mkononi anaongeza elfu sabini. Hakuna namna PAYE peke yake ikafanya nyongeza ya mshahara ikupunguzie hela. Kama kweli huyo ndugu alikataa, amewaachia mabosi zawadi ya bure, na ninyi mliopiga like mnatafuta wa pili.

Kama unatafuta cha kulalamikia kwenye lile jedwali kipo, ila siyo hicho. Angalia ngazi ya juu inaanzia wapi: milioni moja. Mtu ambaye kila mwezi ana milioni 1 na laki 2 za kukatwa kodi, anayepanda daladala ya Gongo la Mboto, ile laki mbili yake ya mwisho inakatwa asilimia 30 sawasawa na laki mbili ya mwisho ya staa wa milioni kumi. Baada ya hapo hakuna ngazi nyingine. Hilo sioni mtu akilifanyia memu.

Turudi kwenye mada. Moto ulipokuwa umekolea, akatokea staa wa kike, naye jina kapuni, akaandika kwamba yeye analipwa milioni kumi na hakatwi chochote, eti waliokatwa ni kwa sababu hawana akili ya mjini. Mashabiki zake wakashangilia, "queen, queen."

Wadau, huyu dada simuonei wivu hata kidogo. Ninamuogopea. Wengi wa hawa tunaowaona kwenye vipindi siyo waajiriwa, wana mikataba ya kutoa huduma. Ukitoa huduma kama mtu binafsi mkazi wa hapa, anayekulipa anatakiwa kuzuia asilimia 5 kwa ajili ya kodi. Kwa hiyo kwanza siyo kumi, ni 9,500,000. Ndo maana anaona kama hakatwi kitu. Lakini ile asilimia 5 siyo mwisho wa kodi, ni kishika uchumba tu. Mwisho wa mwaka anatakiwa apige hesabu ya mapato yake yote, na viwango ni vile vile vya mtangazaji, ila vya mwaka.

Milioni 10 mara miezi 12 ni milioni 120. Tuseme hana gharama yoyote ya kazi ya kuonyesha, kodi ya mwaka ni 33,936,000. Alichozuiliwa mwaka mzima ni milioni 6. Kinachobaki kudaiwa ni 27,936,000. Akiwa na risiti za gharama halali za kazi, kama kumlipa msaidizi, itashuka. Swali ni moja tu: risiti anazo? Mtu anayeposti kwamba hakatwi chochote, unadhani ana faili la risiti? Halafu kisheria anatakiwa kufanya makadirio na kulipa kwa awamu ndani ya mwaka, siyo kungoja Desemba. NSSF hana, akiugua sauti kesho hakuna bosi anayemuongezea 10 yake. Sasa kati ya huyu na yule mwenye 6,472,000 iliyokwisha lipiwa kila kitu, nani hana akili ya mjini? Siku ikija barua ya TRA tutaambiwa ni maadui wanamuandama.

Lakini msidhani namuacha mtangazaji salama. Kaka, hili balaa umejiletea. Ulivyokaa kwenye lile kochi ulikuwa unajua vizuri kabisa benki inaingia ngapi, kwa sababu kila mwezi salari slipu unaiona. Ulichagua kutaja namba ya juu kwa sababu ulitaka eksi aumie. Tangu hapo ukaanza kuishi kama ile namba ni ya kweli. Ukahamia nyumba ya kodi kubwa unayolipia miezi sita kwa mkupuo, ukachukua gari la mkopo, ukawa unatuma watu bili za sehemu za Masaki kana kwamba unapokea kumi. Ukitumia kama mtu wa kumi wakati unapokea sita, msiba ukija unakuwa na laki mbili, na hiyo laki mbili pengine umeikopa. Watu wanakuita bahili. Mimi nadhani umefulia, na ungesema tu.

Na hii tabia imeshuka mpaka kwetu huku chini, ndo maana naiandikia. Shemeji zangu wanapiga mahari kwa kuuliza "kijana analipwa ngapi," kijana kwa sifa anajibu milioni mbili. Ni kweli mkataba unasema mbili. Toa NSSF laki mbili, toa PAYE 368,000, kijana anabeba 1,432,000. Wazee wanapanga ng'ombe kwa ile mbili, binti anapanga sherehe kwa ile mbili, ndoa inaanza na deni ambalo hakuna anayejua limetoka wapi. Miezi sita mbele dada anahisi kuna mchepuko unaokula laki tano na nusu. Mchepuko hakuna, shoga yangu. Mwambie akuonyeshe salari slipu, usikague simu.

Na ninyi mnaotafuta kazi, ukiambiwa "tutakupa milioni moja," uliza hapo hapo: kabla ya makato au mkononi? Usione aibu. Milioni moja kabla ya makato ni NSSF laki moja, PAYE 103,000, unabaki na 797,000. Mimi nimeona mtu kahama nyumba Sinza kwa ahadi ya milioni, mwezi wa kwanza anapokea hiyo laki saba na ushee, anampigia mhasibu akidhani wamekosea. Hawakukosea. Yeye ndo hakuuliza.

Mwisho, kuhusu ule msiba. Kwa kuwa wengi mmejifanya wenye uchungu sana na marehemu, nilimtafuta mtu mmoja wa kamati, nikamuomba tu aniambie jambo moja. Yule aliyeanzisha ile posti ya kwanza, ile iliyopata komenti elfu na kitu, wa "hiyo si hela ya supu", na yeye anafanya kazi jengo lile lile, alitoa ngapi? Mwanakamati akafungua daftari, akapitia majina kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena.

Hayupo.

Komenti ziko wazi. Matusi nitafuta, ila ukija na hesabu yako iliyo tofauti na yangu naiacha hapo juu kabisa kila mtu aione.