Kona Haitii Amri

Kila basi linapopinduka kwenye kona, hakosekani mtu wa kusema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini si hapo. Ajali ya kona ina kinga, na kinga hiyo hufundishwa katika shule zetu za sekondari.

Gari likiwa katika mwendo huelekea kwenda katika mstari ulionyooka. Newton aliyachapisha hayo mwaka 1687. Kwenye kona tambarare, ambayo upande wake wa nje haukuinuliwa, kinacholigeuza gari ni msuguano tu baina ya matairi na barabara, nao una kikomo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuligeuza gari huongezeka mara nne. Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Lami ikiwa kavu, na msuguano ukafikia sehemu 7 kwa 10 za uzito wa gari, kikomo ni kilomita 67 hivi kwa saa. Mvua ikiupunguza msuguano hadi sehemu 4 kwa 10, kikomo hushuka hadi kilomita 50.

Wapo wanaodai kwamba gari zito hushika barabara zaidi. Uzito huongeza msuguano, ndiyo, lakini huongeza kwa kiasi kile kile nguvu inayotakiwa kuligeuza gari. Tena shehena ikirundikwa juu ya keria, gari laweza kupinduka kabla hata ya kuteleza. Naye anayefunga breki katikati ya kona huugawa msuguano huo huo kwa kazi mbili. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu walimu wasiiache kanuni hii ubaoni. Wawatoe wanafunzi nje, waipime kona iliyo jirani na shule, kisha wapige hesabu yake.

Watumishi wa umma nao wana wajibu wao. Ni mara ngapi afisa aliyechelewa mkutano humhimiza dereva aongeze mwendo? Dereva atamtii mkubwa wake. Kona haimtii mtu. Haijui cheo wala haisomi namba ya gari la Serikali. Mwenye kutoa amri ya namna hiyo hana haki, baada ya watu kupoteza maisha, ya kusimama na kusema kwamba ajali haina kinga.