Mihogo Majini

Watoto wengine wanafikiri ya kuwa hekima inapatikana darasani tu. Mimi sikubali. Tazameni mama anapotengeneza mihogo michungu. Anaimenya, anailoweka majini siku tatu, anaianika juani, ndipo anaitwanga. Kwa nini anachelewa hivi? Kwa sababu mihogo hiyo ina sumu, na maji yanaiondoa pole pole.

Katika mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo huko Kwango, katika nchi yetu ya Kongo. Konzo inakaza miguu ghafula, wala miguu hainyoki tena. Inawapata hasa watoto na wanawake waliokula mihogo michungu iliyolowekwa kwa haraka, bila samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha.

Njaa inasema, «Fanya upesi!» Mama anajibu, «Ngojeni.» Basi, kungoja kwake si uvivu, ni kulinda miguu yenu.

Watoto, leo mkachote maji pamoja naye, mkahesabu siku. Ubao haupo pale, lakini mtajifunza saburi. Anayejua kungoja mihogo atajua pia kungoja matunda ya masomo yake.